Babu Aliyekataa Kuamka

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Msemo huo nimeuandika mara nyingi katika insha za darasani, tena kwa mwandiko wa kupendeza, nikapewa alama zangu nikaenda zangu. Maana yake hasa sikuijua. Niliijua mwezi wa Julai mwaka wa 2024, nikiwa kidato cha tatu, mbele ya tarakilishi iliyokataa katakata kuwaka. Nipe sikio, ndugu msomaji, nikusimulie mkasa huu. Pengine utakufaa siku moja, iwe mbele ya mashine au mbele ya binadamu mwenzako.

Wanachama wa siku nyingi wanamfahamu Babu. Kwa wageni, Babu ni tarakilishi ya Chama chetu cha Kiswahili, ile yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, inayokaa katika chumba kidogo nyuma ya maktaba. Tarakilishi mpya ziko katika maabara na ni za wanaosoma somo la Kompyuta. Sisi tulirithishwa Babu alipostaafu kutoka afisi ya shule. Prosesa yake ni Pentium 4, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2000, na yeye mwenyewe alinunuliwa kabla sisi wanachama hatujazaliwa. Ndiyo maana tukampa jina hilo kwa heshima zote.

Uzee wake haukumzuia kufanya kazi. Makala yote ya jarida la mwaka ule, 32 kwa hesabu ya katibu, yalikuwa ndani ya diski yake. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Daftari zilizoandikiwa makala hayo zilikuwa zimesambaa kote, na sina shaka nyingine zilikwisha kufungiwa mandazi.

Muhula wa pili ulipopamba moto, Babu aliugua. Ungeandika aya mbili tatu, mara puu! Skrini giza. Ukimwasha tena angekubali, kisha baada ya muda angezima tena. Fundi mmoja wa mjini alikuja, akanusa nyuma ya mashine, akatikisa kichwa. Alisema ugonjwa uko katika pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea stima ya ukutani na kuigawa kwa viungo vyote vya tarakilishi. Ya Babu ilikuwa ya wati 250, imechoka, na ile diski ya pili tuliyomwongezea ilikuwa imemzidi nguvu. Akatushauri tutafute ya wati 450.

Tulichanga shilingi 50 kila mwanachama. Mwalimu mlezi wetu alipokwenda Nairobi kwa shughuli zake, aliifungua ile kuukuu akaibeba iwe mfano, akapita kwenye maduka ya vyombo vya umeme ya Luthuli Avenue, akarudi na mpya ndani ya katoni. Ile ya zamani aliiacha huko huko.

"Nani atamfungia Babu kifaa chake?" Mwalimu aliuliza katika mkutano wa chama.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Nilikuwa naibu wa katibu, na bwenini wengi waliniita Fundi kwa sababu niliwahi kuifufua redio iliyokuwa imekufa. Kumbe ilikuwa waya mmoja tu uliokatika! Lakini sifa hizo zilinilevya nami nikazinywa bila kusaza.

"Una hakika? Tunaweza kumngoja fundi hadi Ijumaa," Mwalimu alisema.

"Hiyo ni kazi ya dakika kumi, Mwalimu," nilijibu huku nimejitanua kifua.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano. Wenzangu walikwenda uwanjani wakati wa michezo, nami nikajifungia chumbani na Babu. Nilianza vizuri, sitajinyima haki hiyo. Nilichomoa waya wa stima ukutani. Niligusa chuma cha kisanduku ili umeme tuli wa mwilini uniondoke usije ukadhuru viungo vya ndani. Niliiingiza pawasaplai mahali pake, nikakaza skrubu nne za nyuma. Kisha nikakabiliwa na nyaya.

Lo! Nyaya zilikuwa nyingi kama matumbo ya mbuzi. Plagi kubwa niliitambua mara moja, nayo iliingia katika tundu lake la mathabodi kama mguu katika kiatu cha zamani. Plagi za diski nazo hazikunisumbua. Lakini ubavuni mwa ile plagi kubwa palikuwa na kipande kidogo cha pini nne kilichobaki kikining'inia, hakina pa kuingia. Papo hapo nikaona, karibu na prosesa, tundu dogo lenye nafasi nne. Nikajiambia, nne kwa nne, ndoa imefungwa!

Kipande hicho kilikataa kuingia. Nikakigeuza, kikakataa. Mwenye busara angesimama hapo ajiulize. Mimi nilikisukuma kwa kidole gumba hadi ukucha ukaniuma, na mwishowe kikaingia kwa shingo upande. Kulikuwa na kifungu kingine cha nyaya ambacho bado kilifungwa kwa kamba ya plastiki, jinsi kilivyotoka dukani. Nilidhani ni cha ziada, nikakisukumia pembeni.

Nilirudisha stima, nikabonyeza swichi. Feni ya Babu ilishtuka, ikajizungusha robo mzunguko, ikasimama. Nikabonyeza tena. Ikashtuka, ikasimama. Mara ya tatu, mara ya nne, ni yale yale. Hakuna mlio, hakuna taa, skrini nyeusi kama chungu cha mama lishe. Jasho jembamba lilianza kunitiririka. Niliyafikiria yale makala 32, shilingi za wenzangu, na kile kifua nilichokitanua mbele ya Mwalimu.

Ndipo nikasikia kishindo cha miguu. Nikarudisha kifuniko upesi upesi. Aliyeingia alikuwa kijana wa kidato cha kwanza, mmoja wa lile kundi la mwisho kufanya mtihani wa KCPE, mwaka wa 2023. Ndiye aliyekuwa zamu ya kufagia chumba na kukifunga. Makala yake ya kwanza maishani, kuhusu ng'ombe wa nyanya yake, yalikuwa ndani ya Babu. Aliyapiga chapa kwa kidole kimoja wiki nzima.

"Babu amepona, kaka?" aliniuliza, macho yakimng'aa.

Ndugu msomaji, ningesema "bado" tu, hadithi hii ingeishia hapa. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Amepona kabisa," nilisema. "Amewaka vizuri sana. Nimemzima apumzike."

Kijana alitabasamu, akaanza kufagia. Nami nikaondoka nikijiambia kwamba kesho alfajiri ningerudi na kurekebisha mambo kabla ya mtu kujua.

Alfajiri hiyo haikufika. Habari njema hazina miguu lakini hutembea. Yule kijana aliwaambia wenzake usiku wakati wa prepu kwamba Babu amepona, na asubuhi, kabla hata ya uji, Mwalimu alikuwa amekwisha kuja chumbani na katibu ili wachape ukurasa wa kwanza. Nilipofika niliwakuta wamesimama kimya. Mwalimu alibonyeza swichi mbele yangu. Feni ikashtuka, ikasimama.

"Mbona? Si nasikia jana iliwaka?" Mwalimu aliuliza.

"Iliwaka, Mwalimu," nilisema. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nani aliingia baada yako?"

Sikujibu. Hakukuwa na haja, kwa maana ratiba ya zamu ilikuwa imebandikwa mlangoni. Kijana wa kidato cha kwanza aliitwa.

"Nilifagia tu, Mwalimu. Sikuigusa, haki ya Mungu."

Mwalimu si mtu wa hasira. Alimwambia tu arudishe ufunguo na asiingie tena chumbani mpaka fundi aje. Kijana aliuweka ufunguo mezani, kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa chuki. Alikuwa akingoja niseme neno. Mimi nilivitazama viatu vyangu.

Usiku huo usingizi ulinipaa. Kila nikifumba macho niliona ile feni ikishtuka na kusimama.

Ijumaa fundi aliwasili na mkoba wake. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Baada ya kubadilishwa, iliwaka ama haikuwaka?"

"Iliwaka," Mwalimu alimjibu, maana ndivyo alivyoambiwa. "Ilikuja kukataa kesho yake."

"Sawa. Basi nyaya ziko sawa. Tutafute kilichoharibika baadaye."

Unaona, msomaji? Uongo wangu ulikuwa umemfumba fundi macho. Alitafuta kila mahali isipokuwa mahali penyewe. Alianza na soketi ya ukutani, akachomeka chaja ya simu yake akaona inapokea stima. Akatazama swichi ndogo ya nyuma ya pawasaplai, nayo ilikuwa imewashwa. Akatazama ile swichi nyekundu yenye 115 na 230, akaeleza kwamba stima yetu ya Kenya ni volti 240, na kwamba mtu akiiacha kwenye 115 atasikia mlipuko. Nayo ilikuwa sawa. Kisha akazichomoa nyaya mbili za kitufe cha mbele, akagusanisha pini zake kwa ncha ya bisibisi, kumbe huenda kitufe chenyewe ni kibovu. Feni ikashtuka, ikasimama.

"Mmeiona? Ikishtuka hivi na kufa, maana yake stima inafika lakini inajikata. Kuna shoti mahali."

Akachomoa diski zote mbili. Hakuna mabadiliko. Akatoa vijiti vya memori, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, akajaribu kimoja kimoja. Hakuna. Akamulika tochi chini ya mathabodi akitafuta skrubu iliyoanguka ikagusanisha kisichogusanishwa. Hakuna. Akapima ile betri ya duara kama sarafu, inayotunza saa ya mashine, akaikuta ina volti 3 zake kamili. Saa nzima ilipita. Alipanguza uso kwa leso.

"Mwalimu, kama iliwaka Jumatano na hakuna aliyebadilisha nyaya, basi iliyokufa ni mathabodi. Na ya zamani hivi si rahisi kuipata."

"Na makala yetu?"

"Yako kwenye diski, hayajapotea. Lakini diski hii ni ya ule mkanda mpana wa pini 40, na mashine zenu za maabara hazina mahali pa kuuchomeka. Itabidi niibebe mjini nitafute kifaa cha kuunganishia. Labda wiki ijayo, labda zaidi."

Mpiga chapa alikuwa akiingoja kazi yetu Jumatatu. Shule nayo ilikuwa karibu kufungwa. Mwalimu alikaa kitini akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Itabidi mzazi wa yule kijana aitwe, tuzungumze juu ya gharama."

Moyo ulinidunda mithili ya ngoma. Yule kijana hakuwa na mzazi wa kuitwa ila nyanya yake. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimesahihisha makala yake. Nyanya huyo aliuza maziwa ya ng'ombe yule yule aliyeandikwa ndani ya Babu, na karo ilitoka humo. Nilimwona akija na kikoi chake, akiambiwa kwamba mjukuu wake ameharibu mali ya shule.

"Mwalimu," nilisema, "haikuwaka."

"Nini haikuwaka?"

"Jumatano. Haikuwaka hata mara moja. Nilisema uongo."

Chumba kilinyamaza. Mwalimu aliniangalia kwa muda niliodhani hautaisha. Alikuwa karibu kusema jambo, lakini fundi akainua mkono.

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Utampiga fimbo za maneno baadaye." Akanigeukia. "Kijana, nieleze kama unavyomweleza daktari. Ulianza na nini, ukamaliza na nini? Usiruke hata hatua moja."

Nikamweleza. Waya wa ukutani, skrubu nne, plagi kubwa, plagi za diski. Nilipofika kwenye kile kipande cha pini nne nikasema, "Kilikuwa kigumu, nikakisukuma kwa kidole gumba."

"Simama hapo! Kilisukumwa?"

Alikunjua ule mkanda mpana wa diski uliokuwa umefunika sehemu ya prosesa, akamulika tochi, akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyepata alichopoteza.

"Njooni wote muone. Waya mweusi ni wa ardhi, ndimo stima inamorudia. Wa njano una volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa volti 3.3. Tundu hili la prosesa linataka njano mbili na nyeusi mbili, basi. Huyu kijana amechomeka kipande chenye rangi nne tofauti! Mwekundu umekaa mahali pa mweusi, volti 5 zinaelekezwa ardhini moja kwa moja."

Alieleza kwamba kipande kile ni mkia wa plagi kubwa. Mathabodi za mtindo uliotoka mwaka wa 2003 zina nafasi 24, na mkia ule ni kwa ajili yao. Babu ni wa mtindo wa awali, wa nafasi 20, kwa hivyo mkia huachwa uning'inie tu. Waya halisi wa prosesa ulikuwa ule nilioudhani wa ziada, ambao bado ulifungwa kwa kamba yake ya dukani.

"Na plagi hizi zimeumbwa kwa akili," aliongeza. "Tazama matundu yake, mengine ni mraba, mengine yamekatwa pembe. Ni ili usikosee. Ilikuambia hapana, wewe ukaisukuma. Bahati yako pawasaplai hii ina kinga. Ikihisi shoti inajizima yenyewe. Ndiyo sababu feni ilikuwa ikishtuka na kusimama. Haikuwa imekufa, ilikuwa inajiokoa."

Alichomoa ule mkia, akakata kamba ya plastiki, akachomeka waya wa njano na nyeusi. Uliingia bila kusukumwa, ukatoa mlio mdogo wa kukubali. Akarudisha memori na diski. Kisha akanipa ishara mimi nibonyeze.

Kidole kilinitetemeka. Feni ikashtuka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Sekunde chache, kisha, piii! Mlio mmoja mfupi, na maandishi meupe yakajaa kwenye skrini. Babu alikuwa ameamka. Kazi nzima, tangu niliposema ukweli, ilichukua kama dakika kumi, zile zile nilizojigamba nazo.

Sikushangilia. Niliomba ruhusa, nikaenda kumtafuta kijana wa kidato cha kwanza. Nilimkuta nyuma ya ukumbi wa maakuli akiosha sahani yake. Nikamweleza kila kitu, nikamwomba msamaha. Nilitarajia anitukane. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, nilikuwa nimeanza kujishuku. Usiku najiuliza, labda ufagio uligusa waya nikakosa kuona."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko adhabu yoyote. Nilidhani nimeficha kosa langu tu, kumbe nilikuwa nimempokonya mwenzangu imani yake mwenyewe.

Mwalimu aliniondoa unaibu wa katibu muhula huo, nikasimama mbele ya chama kizima nikasema nilichofanya. Nilistahili. Ufunguo ulirudishwa kwa mwenyewe hadharani, tena kwa makofi. Jioni hiyo, kabla ya lolote lingine, tulinakili makala yote 32 kwenye flashi tatu, na Jumatatu kazi ikamfikia mpiga chapa. Makala ya ng'ombe wa nyanya yalitoka, na jina la mwandishi chini yake kwa herufi nzito.

Wenzangu, huenda nawe siku moja utafunga pawasaplai mpya na mashine ikatae kuwaka. Tazama soketi, kisha swichi ya nyuma, kisha ile ya 115 na 230. Hakikisha prosesa imepata waya wake wa njano na nyeusi. Chomoa visivyo vya lazima, ujaribu kimoja kimoja. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe, kwa maana ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa. Na kitu kikikataa kuingia, usikisukume.

Zaidi ya hayo yote, fundi akikuuliza uligusa nini mwisho, mwambie. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama nisingefunua yangu, aliyekaribia kuumbuliwa ni mtoto wa watu aliyeshika ufagio tu.

Babu yu hai hadi leo. Ukipita nyuma ya maktaba utamsikia akinguruma.